Mtoto anaanza chekechea Januari? Achana na a-e-i-o-u kwanza, mfundishe choo

MamaWawili (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni mrefu, nimeuandika kwa siku tatu, usiku watoto wakishalala. Mimi si mwalimu wala mtaalamu wa malezi. Ni mama wa watoto wawili wa kiume, nauza vitenge, tunaishi Dar. Mkubwa yuko darasa la tatu. Mdogo anatimiza miaka mitano mwezi ujao, na Januari anaanza awali shule ile ile aliyoanzia kaka yake, ya serikali, hapa hapa mtaani. Naandika kwa ajili ya wenzangu wenye mtoto wa Januari, kwa sababu mkubwa wangu nilimwandaa vibaya na aliyeumia ni yeye.

Wakati ule nilijiona nimemwandaa kuliko majirani wote. Miezi mitatu kabla nilinunua chati ya herufi nikaibandika ukutani juu ya kitanda chake. Kila jioni a-e-i-o-u, halafu moja mpaka ishirini, halafu jina lake. Akawa anaandika jina lote bila kukosea, wageni wakija nawatolea daftari waone. Nikamnunulia begi, viatu vyeusi, kaptula ya bluu na mkanda wa ngozi kama wa baba yake.

Wiki ya kwanza kila siku alirudi amelowa. Siku ya nne alirudi haja kubwa imemkaukia miguuni. Namuuliza, anatazama chini. Nikamfokea, sitawaficha. Nikamwambia umekuwa mkubwa, unaandika jina lako, iweje ujikojolee kama mtoto mchanga? Akanyamaza siku mbili nyingine. Jumapili namwogesha, namsugua mgongo, hanioni uso, ndipo akasema: "Mama, lile shimo lina giza."

Nyumba tuliyopanga ina choo cha kukaa. Mwanangu alikuwa hajawahi kuchuchumaa juu ya tundu tangu azaliwe. Aliogopa kutumbukia. Kwa hiyo alikuwa anabana tangu asubuhi mpaka mwili unamshinda. Na hata siku aliyojikaza akaenda, ule mkanda niliomnunulia kwa mapenzi ulimshinda kufungua. Nilimwambia anionyeshe anavyofanya. Akashika kile chuma cha mkanda kwa mikono miwili, akavuta, akasukuma, akavuta tena, ulimi uko nje, jasho linamtoka puani. Nilihesabu kimoyomoyo mpaka arobaini, nikaufungua mwenyewe, nikaenda jikoni kulia.

Kulikuwa na la tatu. Nyumbani kwetu, tangu anajifunza kuongea, kukojoa tulikuwa tunaita "kumwaga chai". Sijui nani alianza, labda bibi yake. Mtoto akamwendea mwalimu akasema, "Nataka kumwaga chai." Mwalimu akamwambia uji haujaiva, rudi ukakae. Mwalimu hana kosa hata kidogo. Angejuaje?

Herufi zile nilizomkaririsha miezi mitatu, darasani walianza nazo upya kabisa, pamoja na watoto ambao hawakuwahi kushika penseli. Kufika Juni wote walikuwa sawa. Ila ile hofu ya choo ilikaa naye mpaka darasa la kwanza.

Nitaendelea hapa chini na ninavyomwandaa mdogo safari hii. Nipeni dakika, mdogo ameamka anaomba maji.

Kiranja wa Zamu

Nimeweka kiti mbele kabisa. Endelea dada, wa kwangu pia ni Januari.

MamaWawili (mleta uzi)

Nimerudi.

Choo ndiyo nimekianza, tangu Septemba. Kila tukienda kwa mama yangu Mkuranga, kule kuna choo cha shimo, naingia naye. Mara ya kwanza nilimshika mikono yote miwili. Namwonyesha pa kuweka mguu huu na pa kuweka ule, ashushe nguo mpaka magotini siyo mpaka chini, achuchumae taratibu. Mara ya pili nikamshika mkono mmoja. Sasa hivi nasimama mlangoni na mlango umeegeshwa. Kuchamba nako anajifunza mwenyewe: kopo mkono wa kulia, anajisafisha kwa mkono wa kushoto, kisha mikono yote kwa sabuni. Bado hafanyi vizuri. Nguo ya ndani inaniambia ukweli kila jioni. Ila anafanya, na shuleni hakuna wa kumchamba, hilo wazazi wengi tunalisahau. Watoto wetu wanachambwa na dada wa kazi mpaka siku moja kabla ya kuanza shule.

Kaptula zake nimempelekea fundi anitolee zipu na kifungo, aweke mpira kiunoni. Fundi alishangaa, akasema itaonekana kama ya kulalia. Nikamwambia shati linafunika, wewe weka tu. Viatu ni vya kugandisha, siyo vya kamba. Mkanda nitamnunulia akiwa darasa la pili.

Maneno: sasa hivi nyumba nzima tunasema "kukojoa" na "kunya" au "haja kubwa", hata baba yake. Na tunaigiza. Mimi mwalimu, yeye anakuja, ananyosha kidole, anasema, "Mwalimu, naomba kwenda chooni." Siku nyingine najifanya sijasikia, arudie kwa sauti, kwa sababu darasani kuna kelele. Anajua pia jina lake la kwanza na la baba, jina langu halisi siyo "mama" tu, mtaa wetu, na namba ya simu tumeiweka kwenye mdundo wa kupiga makofi, anaiimba mpaka wapangaji wenzetu wameishika.

Kula: chupa ya maji na kontena la chakula nimenunua baada ya yeye mwenyewe kuvifungua pale dukani. Muuzaji alinuna kidogo maana tulifungua vitano. Kuna zile chupa nzuri zenye katuni ambazo hata mimi mtu mzima nazifungua kwa meno. Usinunue. Na asilishwe kijiko tena. Akila robo saa, akila nusu saa, mwache ale mwenyewe.

Mikono nayo inahitaji nguvu kabla ya penseli. Hili nilielezwa na mwalimu wa mkubwa. Mdogo namwacha anibanulie karanga, achambue mchele na mimi, asukume donge la unga nikipika chapati, anike soksi kwa vibanio. Vibanio vya nguo ni shule tosha, mpe mtoto kibanio uone vidole vinavyofanya kazi. Anatumia mkono wa kushoto kwa kila kitu isipokuwa kula, na nimemwambia baba yake asimbadilishe kwenye penseli.

Sasa kuagana. Hapa ndipo nilipokosea zaidi na mkubwa. Siku ya kwanza mtu mmoja pale shuleni aliniambia, mama toka haraka wakati hajakuona. Nikatoka kwa mlango wa nyuma. Alipogeuka hanioni, alilia mpaka saa nne. Na wiki tatu nyumbani hakuniacha, nikienda kuoga anakaa mlangoni, nikiinuka kuzima taa anaamka. Alijifunza kwamba mama anaweza kupotea bila kusema.

Mdogo nimeanza kumzoesha mapema. Nampeleka kwa shangazi yake kwa muda wa saa mbili hivi, namwambia ukweli: mama anakwenda sokoni, ukishakula na kucheza, nakuja. Akilia nambusu, nasema maneno yale yale, naondoka anaona. Na narudi pale niliposema. Saa mtoto haijui, usimwambie "saa sita." Mwambie mtacheza, mtakunywa uji, mtaimba, halafu mama yuko getini. Hayo anaweza kuyahesabu.

Naishia hapa kwa leo. Karibuni mchangie, na walimu mlio humu msione haya kunisahihisha.

BabaMapacha

Mleta uzi umeandika vizuri, lakini ruhusu nikupinge kidogo. Sisi wenye watoto shule binafsi za mchepuo wa Kiingereza tuna mtihani mwingine. Wanangu walifanyiwa usaili wakiwa na miaka mitatu na nusu. Wakaulizwa rangi, maumbo, herufi, vyote kwa Kiingereza. Mmoja akapita, mwenzake akanyamaza tu, wakasema hajawa tayari. Mapacha! Sasa hapo unaniambia niachane na herufi?

MamaWawili (mleta uzi)

Kaka pole sana, hilo la kutenganisha mapacha limeniuma. Sisemi herufi ni dhambi. Ukimsomea kitabu akauliza hii ni nini, mwambie. Mimi nazungumzia kitu cha kuanza nacho muda ukiwa mchache, na muda wetu wengi ni saa moja ya jioni tumechoka. Ila nikuulize kwa wema: yule aliyenyamaza nyumbani anaongea? Maana kama anaongea, alichokosa siku ile ni kuzoea kujibu mtu mgeni.

BabaMapacha

Nyumbani ndiye mwenye maneno kuliko wote. Umenipa la kufikiri. Kwa watu wageni anajificha nyuma ya suruali yangu.

Mwl wa Awali Kahama

Habari za humu. Mimi ni mwalimu wa awali, shule ya serikali, mwaka wa kumi na moja huu. Mleta uzi hujakosea popote, naongezea tu ya upande wangu wa ubao.

Mwongozo unasema darasa la awali mwalimu 1 kwa watoto 25. Mimi Januari iliyopita nilianza na watoto 94, niko peke yangu. Sisemi ili nilalamike, nasema ili mzazi aone picha. Mtoto mmoja akijisaidia darasani, natoka naye nje kumsafisha, 93 wanabaki wenyewe. Kwa hiyo mtoto anayejua choo, anayejua kunawa, anayejua kufungua chakula chake, huyo amenisaidia mimi na amewasaidia wenzake wote. Huyo namwombea baraka kila siku.

Herufi niachieni mimi. Mtaala wa awali si wa kukaa na daftari asubuhi mpaka mchana. Tunafundisha kwa michezo, nyimbo, hadithi na kona za ujifunzaji, kuna kona ya kuhesabia ina vizibo na kokoto, kona ya nyumbani ina vikombe na vitenge. Mzazi anakuja Machi anaona daftari halijajaa, ananiambia hamfundishi. Mama, leo mwanao amepanga vizibo kumi na mbili kwa rangi akavigawa kwa wenzake watatu sawasawa. Hilo ni hesabu tayari.

Ninaowapata kwa shida ni wale waliofundishwa kuandika wakiwa na miaka mitatu. Wanashika penseli kwa ngumi kama wanashika mwichi, wanakandamiza mpaka karatasi inatoboka. Kumwondolea mtoto mazoea hayo ni kazi kuliko kumfundisha upya.

Kuhusu kuandikisha, kwa sababu naulizwa kila siku: Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilifanya elimu ya awali iwe ya lazima, angalau mwaka 1 kabla ya darasa la kwanza. Na tangu Januari 2016 ada ilifutwa kuanzia awali mpaka kidato cha nne katika shule za serikali. Mtakutana na mchango wa uji ambao wazazi mnakubaliana wenyewe kwenye kikao, basi njooni kwenye kikao hicho. Njoo na cheti cha kuzaliwa, na kama hakijatoka njoo na kadi ya kliniki, usimwache mtoto nyumbani kwa sababu ya karatasi.

Kadi hiyo hiyo ifungue uitazame. Chanjo ya surua na rubela ina dozi mbili, miezi 9 na miezi 18. Ile ya pili wazazi wengi waliacha, mtoto ameshatembea, nani akumbuke kliniki. Darasa langu lina watoto 94 wanaokoholeana usoni.

Na mwisho, macho na masikio. Mjaribu mtoto wako nyumbani. Simama nyuma yake, mwite kwa sauti ya chini. Mwonyeshe kuku aliye mbali. Niliwahi kuwa na binti ambaye niliona ni mtukutu, nikimwita hageuki, nikisema kaeni yeye anasimama. Mwezi wa tano ndipo nikagundua sikio moja halisikii na la pili linasikia nusu. Nilimkalisha mbele, upande wa mkono wangu wa kulia, akawa mtoto mwingine. Miezi mitano nilimwita mtukutu. Naikumbuka kila Januari.

MamaWawili (mleta uzi)

Mwalimu, Mungu akubariki. Hilo la sikio nimemjaribu mdogo hapa hapa nikiwa nasoma. Amegeuka.

Bibi wa Pangani

Wanangu nimewasoma. Mimi ni bibi wa wajukuu tisa, mjukuu wangu ndiye ananiandikia. Kwetu huku mtoto akifika miaka minne anapelekwa chuoni kwa maalimu na juzuu yake kifuani. Pale anajifunza kuvua viatu mlangoni na kuvijua vyake wakati wa kutoka, kuamkia wakubwa, kukaa mkekani bega kwa bega na watoto wa watu, kusubiri zamu yake ya kusomeshwa. Akienda skuli, kukaa na wenzake si jambo geni tena. Wasio Waislamu nao wana shule ya Jumapili kanisani, ni yale yale. Mpelekeni mtoto penye watoto.

Jengine nimesikitika kuwa hakuna aliyelitaja. Vitendawili. Usiku umeme ukikatika, wakusanyeni. Kitendawili! Tega! Mtoto anayengoja mwenzake amalize kujibu, anayekubali kushindwa akatoa mji, huyo anaweza kukaa darasani. Hadithi nayo, asikilize mpaka mwisho pasi na picha. Siku hizi mnawapa simu, mtoto anaangalia kitu hakimwulizi yeye chochote. Mjukuu wangu wa Dar alipokuja likizo nilimtegea "nyumba yangu haina mlango." Alinitazama tu, anangoja picha itokee. Siku ya tatu akajibu, "Yai!" Akakimbia uwani kumwonyesha kuku.

Mkaazi wa Kisauni

Shikamoo Bibi. Nawasalimu kutoka Mombasa. Huku kwetu mtoto anaanza PP1, yaani awali mwaka wa kwanza, akiwa na miaka minne, kisha PP2, ndipo gredi ya kwanza. Mambo ni yale yale, choo ni choo. Swali langu ni usingizi. Binti yangu analala mchana saa mbili nzima, na usiku halali mpaka saa nne. Basi la shule litapita saa kumi na mbili na robo. Nifanyeje?

MamaWawili (mleta uzi)

Kaka, nami nilipitia. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019, mtoto wa miaka mitatu na minne anahitaji usingizi wa saa 10 mpaka 13 kwa siku, na humo humo na ule wa mchana umo. Piga hesabu kurudi nyuma: kama anaamka saa kumi na moja na nusu alfajiri, saa nne usiku haiwezekani. Usimbadilishe kwa siku moja. Anzia asubuhi, si usiku. Mwamshe robo saa mapema kila baada ya siku chache, usingizi wa mchana upunguze polepole, usiku wenyewe utajirudi. Na mwongozo ule unasema skrini isizidi saa 1 kwa siku kwa umri huo. Kwangu katuni inazimwa kabla ya chakula cha usiku. Wiki ya kwanza kulikuwa na kilio, ya pili akasahau.

Na wale mnaokwenda nyumbani Krismasi, Moshi, Bukoba, Mbeya, tafadhali rudini angalau siku tano kabla ya kufungua. Mkubwa wangu alishuka kwenye basi usiku wa kuamkia shule. Siku yake ya kwanza alisinzia juu ya begi.

Mama wa Zamu Geita

Nimesoma yote, natamani kulia. Mimi ni mama peke yangu, nafanya kazi ya zamu, wiki usiku wiki mchana. Nilikuwa nimepanga nimpeleke bweni awali, ana miaka mitano. Nifundisheni, nimwandaeje kwa bweni?

Mwl wa Awali Kahama

Dada yangu, pole kwa majukumu. Bweni kwa umri huo halipo tena kisheria. Mwaka 2023 serikali ilitoa waraka unaositisha bweni kuanzia awali mpaka darasa la nne. Shule ikikuambia itampokea kimya kimya, ikimbie. Mtoto wa miaka mitano hawezi kukueleza aliyofanyiwa usiku. Tafuta shule ya kutwa karibu na mtu unayemwamini, hata kama si shule nzuri kwa majengo. Ndugu, jirani mtu mzima, mama wa kanisani kwenu. Anayempokea mchana ni muhimu kuliko rangi ya sare.

MamaWawili (mleta uzi)

Dada wa Geita, nami nimelea mkubwa peke yangu miaka miwili, najua. Usijilaumu kwa kuwaza bweni, ulikuwa unatafuta usalama wake.

Nigusie hapa hapa jambo ambalo nilikuwa naliogopa kuliandika. Mwili. Mdogo nimemfundisha majina ya sehemu zake za siri, majina ya kweli, na kwamba hakuna wa kuzishika isipokuwa mama akimwogesha au daktari mama akiwepo. Mtu akimshika, au akimwambia hii ni siri yetu, aje aniambie, sitamfokea hata kama mtu huyo ni mjomba. Hilo la kutomfokea narudia kila wiki, kwa sababu kaka yake alininyamazia siku sita kwa suala la choo tu.

Na wanaotumia Noah au bajaji za kukodi: mjue dereva kwa sura, jua anakaa wapi, na kubaliana naye kwamba akifika lazima atazame viti vyote mpaka vya nyuma kabla hajafunga milango. Watoto wadogo wanalala humo. Bodaboda mimi hapana, watoto watatu mshikaki barabara ya lami, hapana kabisa.

BabaMapacha

Mrejesho mfupi kabla uzi haujazama. Yule mwanangu mnyamavu nimekuwa namtuma dukani tukiwa wote, mimi nasimama hatua tatu nyuma, yeye ndiye anaomba. Jana amesema, "Naomba mkate na chenji." Muuza duka akacheka, yeye hakujificha.

MamaWawili (mleta uzi): MREJESHO

Wakuu heri ya mwaka mpya. Niliahidi kurudi, shule zimefunguliwa na wiki imeisha.

Jumatatu tulifika mapema, darasa likiwa na watoto wachache. Nilimwonyesha choo kwanza kabla ya darasa. Akachungulia, akaniambia, "Hiki kidogo kuliko cha bibi." Nikamwambia maneno yetu: mtacheza, mtakunywa uji, mtaimba, mama yuko getini. Alilia, midomo ilimtetemeka, lakini alinipungia mkono. Niliondoka ananiona. Nyuma yangu nilimsikia analia zaidi, miguu ikawa mizito, sikurudi.

Jumanne na Jumatano safi. Alhamisi niliharibu. Mteja alinishika dukani anachagua doti tatu, nikafika getini nimechelewa dakika ishirini. Nilimkuta amekaa kwenye mzizi wa mwembe na mwalimu wa zamu, begi mgongoni, halii. Aliponiona ndipo akapasuka. Ijumaa asubuhi alining'ang'ania kama siku ya kwanza, tena zaidi. Kwa hiyo wiki ijayo ndugu yangu ananishikia duka kuanzia saa tano mpaka nimrudishe mtoto nyumbani, liwe na wateja lisiwe na wateja.

Uji haunywi, anasema una karanga nyingi. Sijamlazimisha, anakunywa maji na kula kiazi anachobeba. Kaptula ya mpira kiunoni, mama wawili wameniulizia fundi. Herufi hawajaanza bado, wamejifunza kupanga mstari na wimbo wa kunawa mikono.

Na hajarudi amelowa hata siku moja. Nilidhani ni mazoezi ya Mkuranga. Ijumaa nikamuuliza, mwanangu chooni unaenda mwenyewe? Akasema hapana, naenda na kaka. Kumbe mkubwa, saa nne ya mapumziko, wenzake wakikimbilia mpira, yeye anakwenda mpaka darasa la awali, anamchukua mdogo wake, anasimama mlangoni na kuushika mlango usijifunge ili mwanga uingie. Sikumtuma. Sikuwahi hata kumwambia kwamba nakumbuka.